Msiba wa Pangaboi

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
17 Februari 2024

Mwanangu Rania,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima wa wauza vitambaa, mimi Mbaruk, mdogo wa marehemu baba yako, nakutangazia kifo cha pangaboi la dukani, lile feni letu la darini, kilichotokea Jumatatu iliyopita saa tano asubuhi baada ya kuugua kwa miaka kumi na tisa. Marehemu alikuwa mzito, mwenye kelele nyingi, na alifanya kazi pale tu alipojisikia. Kwa ufupi alifanana na mimi. Ameacha mjane mmoja, swichi ya ukutani. Mazishi yamefanyika kwa muuza vyuma chakavu. Rambirambi zinapokelewa, hasa zile zinazokaa kwenye bahasha.

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Mke wangu, mama yako Mauza, mzima, tena amezidi uzima: simu yangu anayo yeye, namba ya siri anaijua yeye, na akinipa niongee anasimama pembeni kunikumbusha maneno. Kwa hiyo ile rai yako kwamba tuandikiane kwa karatasi, kama enzi za babu yako, mimi nimeipokea kwa mikono miwili. Binti yetu Nasma ameanza kazi kwa wakala wa forodha pale bandarini, sasa anarudi nyumbani anatukagua sote kama makontena.

Jambo dogo tu. Katika kuanguka kwake marehemu alinigusa mkono wa kulia. Kakato kadogo, juu ya kifundo cha kidole cha kati. Zahanati wamenishona nyuzi nne na kunipa vidonge. Nimekuandikia mwenyewe, unaona hati ilivyo nzuri, basi usiwe na wasiwasi.

Na wewe huko Leipzig, masomo vipi? Mama yako Mauza anawaambia wanawake wa mtaa kwamba unasomea udaktari. Mimi nawaambia unasomea maji machafu, maana mara ya mwisho nilikuona kwenye simu unachungulia maji ndani ya kisahani kwa uchungu kama umeangusha hereni. Tuelimishe. Kumbuka unamwelimisha mtu aliyepata sufuri ya baiolojia, sufuri ya mviringo safi kabisa, mwalimu aliichora kwa bikari.

Ami yako,
Mbaruk

*

Leipzig
9 Machi 2024

Ami yangu Mbaruk,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi. Pole kwa msiba, na mjane mwambieni akae eda kwa utulivu. Ramadhani ndiyo hii inabisha hodi, Mungu atufikishe. Nitafunga peke yangu hapa ghorofani na futari yangu itakuwa tende za kwenye boksi, kwa hiyo mkila uji wa pilipili manga mnitaje.

Baridi bado inauma. Koti la mjomba Nassibu ndilo linaloniweka hai. Unakumbuka ile siku? Wiki moja kabla sijasafiri, ukanikabidhi kwake, ukasema, "Huyu ndiye winga mkongwe kuliko wote Kariakoo, anawauzia wateja wake mali za wenye maduka, duka hana lakini maduka yote ni yake." Akanizungusha ghorofa nne. Anaingia duka hili, anatwaa koti, anamwangalia mwenye duka, mwenye duka anatikisa kichwa kukubali, tunatoka nalo. Haachi shilingi, haandiki kitu. Nikamuuliza, "Mjomba, unachukuaje mali za watu bila kuacha chochote?" Akajibu, "Naacha uso wangu." Nisalimie sana.

Sasa masomo. Hujakosea sana na maji yako machafu. Nafuga seli za ngozi kwenye visahani, zinaishi ndani ya maji mepesi yenye chakula chao. Seli haina mdomo, Ami, lakini haikai kimya. Inatengeneza protini ndani yake, inaifungasha kama mzigo, inaitupa nje, na jirani anaisoma. Mimi nachota yale maji na kuangalia kilichotupwa. Hiyo ndiyo shahada yangu.

Juzi nimelichana tabaka zima la seli kwa ncha ya plastiki, mstari mmoja katikati. Zilizoko ukingoni mwa jeraha zikaanza kumwaga protini za kuita. Mwilini, chembe nyeupe za damu hukimbilia mwito huo. Zikifika zinamwaga za kwao, vimeng'enya vya kukatakata. Vinasaga vijidudu, vinasaga nyama iliyokufa, na vikizidi vinasaga nyama nzima, maana havina macho. Chembe inayokuja haiulizi nani kafanya nini. Inafuata kelele tu. Nimeona picha za vidonda vya namna hiyo, Ami: nyama imeyeyuka hadi mfupa unaonekana, na waliofanya hivyo ni walinzi wenyewe.

Ndipo inatakiwa protini nyingine, za kusema basi. Kidonda kisichopona, mara nyingi ni kidonda ambacho hakuna aliyesema basi, au aliyesema naye akasagwa.

Swali moja la kijinga. Kifundo cha kidole cha kati hujitokeza mtu akikunja ngumi. Ulitaka kupigana na pangaboi?

Wako,
Rania

*

Kariakoo
14 Aprili 2024

Mwanangu Rania,

Marahaba, na Idi njema ingawa imeshapita. Usishangae hati. Nimeamua kujifunza mkono wa kushoto uzeeni, wengine wanajifunza gita. Kila herufi hapa nimeitolea jasho, kwa hiyo isome polepole kwa heshima.

Idi ilikuwa nzuri. Mama yako Mauza alipika biriani, akanikatia nyama vipande vidogo kama mtoto wa chekechea, akanifunga na kitambaa shingoni. Nasma akapiga picha. Talha, yule jirani yangu wa zipu na vifungo, akaja kunipa mkono wa Idi, nikampa wa kushoto, akasema, "Sheikh, siku hizi umehamia kushoto, umekuwa mpinzani?" Tukacheka. Mimi hucheka, unanijua.

Mkono si kitu. Umevimba kidogo. Basi, tuseme umevimba. Kidole cha kati kimekuwa kama muhogo wa kuchemsha, na hakikunjiki. Usaha ulitoka Machi mwishoni, wakafungua, wakasafisha juu juu, wakashona tena. Sasa unatoka pembeni ya nyuzi. Unanuka, Rania. Usiku naulaza nje ya chandarua, mbu wenyewe hawautaki. Wakiniuliza kilichonikata nasema panga la pangaboi, wananiongezea sindano ya pepopunda.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaifungia kwenye droo ya mikasi. Ndiyo maana nimechelewa kujibu. Seli zako hazina adabu. Hapo kwenye kusaga ulinizidi, nikaahirisha futari.

Nina swali, nauliza kwa kutafuta elimu tu. Seli ikipiga kelele kwa makosa, yaani hapakuwa na jeraha lolote, iliona vibaya tu, na wale wakaja, inakuwaje?

Biashara inaendelea. Satini haitoki.

Ami yako

*

Leipzig
3 Mei 2024

Ami,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na Nasma anawakagua vizuri. Mimi mzima, jaribio langu moja limeharibika na jingine limekubali. Hayo ndiyo ya kwangu. Sasa nisamehe, nitaongea kama mkubwa.

Jumapili nilimpigia Mama Mauza. Alikuwa dukani. Nyuma ya sauti yake nikasikia kwiki, kwiki, kwiki. Nikamuuliza, "Mama, mmenunua pangaboi jipya?" Akasema, "Jipya la nini? Si hili hili la ami yako, mafuta hataki kulitia." Nikamwambia anisalimie mjomba Nassibu. Papo hapo akasema kuna mteja. Hapakuwa na mteja, Ami, ningemsikia.

Na wewe nilikuandikia umsalimie Nassibu, wala hujanijibu.

Hapa maabara tunaye daktari wa upasuaji anayefanya utafiti pamoja nasi. Nilimweleza jeraha lako bila kutaja jina. Alikunja ngumi, akaigusisha kwenye meno yake mwenyewe, akaniangalia.

Kama ni meno ya mtu, basi mate yameingia kwenye kiungo. Mate nayo ni protini zilizotupwa nje na seli za tezi, zinalinda kinywa cha mwenyewe. Lakini humo humo wanaishi vijidudu, na kinywa kimoja kina vya kutosha kuua mkono mzima. Jeraha la namna hiyo halishonwi. Linafunguliwa mpaka ndani, linaoshwa, linaachwa wazi. Wewe uliwaambia chuma, wakalifunga, mara mbili. Miezi mitatu sasa vijidudu vinakula upande mmoja na vimeng'enya vyako mwenyewe vinakula upande wa pili.

Nenda hospitali kubwa, useme neno moja tu: meno. Sikuulizi ya nani. Mkono kwanza. Ukishapona nitauliza.

Na swali lako. Wanaokuja hawawezi kujua kama kelele ilikuwa ya makosa. Wa kuzima lazima atoke pale pale kelele ilipotoka.

Rania

*

Kariakoo
22 Juni 2024

Mwanangu Rania,

Leo sina tangazo.

Marahaba. Idi ya kuchinja imepita salama. Mauza mzima, Nasma mzima. Nilikwenda hospitali, nikasema lile neno. Daktari anaitwa Jovin, mpole, ana umri wa kuwa mwanangu. Akaniuliza, "Mzee, meno ya nani?" Nikasema, ya rafiki yangu. Akaacha kuandika kidogo, kisha akaendelea. Alipofungua kiungo akatoa kipande cheupe, kidogo kama nusu punje ya mchele. Mkono umebaki. Kidole cha kati kimekwenda.

Ulisema nikipona utaniuliza. Usiulize, nakuambia.

Jumatatu ile, tarehe kumi na mbili, saa nne na nusu, nilikuwa nimekaa kaunta nawachekesha watu. Talha alikuwepo na wateja wawili, nami nipo katikati ya kile kisa changu cha mama aliyemrudishia muuzaji wa Feri samaki aliyekwisha kukaangwa. Nassibu akasimama mlangoni. Nje alikuwa na mteja wake. Akatwaa jora la satini ya buluu, akaliweka begani, akaniangalia. Nikatikisa kichwa bila kukatisha kisa. Ndivyo tulivyofanya miaka kumi na tano. Akaondoka. Nami nikamalizia kisa, watu wakacheka, na yule Nassibu akanitoka kichwani pamoja na jora lake.

Nusu saa baadaye akaingia mama mmoja akitaka satini ya buluu. Nikageuka kwenye rafu, pengo. Nikatazama nje. Kwenye kona niliona jora langu linaelea juu ya vichwa vya watu. Mtu sikumwona. Jora tu. Nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa satini!" Niliipiga kwa mbwembwe, Rania, kwa sababu mteja alikuwa ananitazama.

Hukuwahi kuona mwizi anavyopigwa, tulikuwa tukikuingiza ndani. Neno lile halina haja ya kurudiwa. Kuli mmoja alimtega mguu yule mbeba jora, akaanguka, satini ikafunguka barabarani, mita na mita. Wakamvamia. Wa kwanza alimpiga teke la mbavu, wa pili akaja na tofali tunalozuilia mlango. Mwingine alikuwa na nondo. Wengine hawakuwa na kitu, walivua viatu. Walikuwa watu ninaowajua: muuza mikoba, kijana wa juisi, baba mmoja tunaswali safu moja. Talha alichomoa ile mita yangu ya chuma ya kupimia vitambaa, akanipita mbio. Sauti ya mita ile kwenye mfupa si sauti niliyoitegemea. Inalia kavu. Magazeti huandika wananchi wenye hasira kali. Sikuona hasira, Rania. Niliona nyuso za watu walioitwa wakaja. Nyuma kuna mtu alikuwa anapiga kelele, "Tairi! Leteni tairi na mafuta!"

Nikakimbia, na tumbo langu hili. Waliponiona wakafungua njia. "Pisheni, pisheni, mwenye mali huyo!" Wakaacha kupiga. Wote, kwa mara moja. Mtu akamshika wa chini nywele za kisogoni, zile chache zilizobaki, akamwinua uso ili mwenye mali amwone.

Nassibu. Damu puani, sikio limening'inia. Akaniangalia vilevile alivyoniangalia mlangoni, akasema, "Sheikh, si ulikubali?"

Nikakumbuka. Hapo hapo, yote. Mlango, bega, kichwa changu.

Watu kama arobaini walikuwa wamenyamaza wananisubiri mimi. Ilitakiwa neno moja. Basi. Lingetosha, wangeliacha lile tofali wakaenda zao, na mimi ningebaki mbele yao mjinga aliyemwitia mtu kifo kwa sababu alikuwa ananogewa na kisa chake mwenyewe. Talha alikuwa amenisogelea, kasikia nusu. Akauliza, "Anasemaje huyu?"

Nassibu akafungua mdomo arudie. Nikampiga ngumi ya mdomo.

Sikumpiga kwa hasira. Nilimpiga ili asilirudie lile neno. Nilihisi meno yake yanavunjika chini ya kifundo changu, na kitu kimeniingia. Nao walipoona mwenye mali kapiga, wakadhani nimewapa ruhusa. Mita ikashuka. Jicho la kushoto lilikwenda hapo, niko mbele yake nimeshika mkono wangu. Tairi lilifika, mafuta hayakufika; polisi wa doria walitangulia, wakamtupa nyuma ya gari kama gunia. Sikuwafuata. Nilikunja satini. Nikaenda zahanati nikasema pangaboi.

Hakufa. Taya lilifungwa kwa waya wiki saba. Kesi haikuwepo, maana mwenye mali hakwenda kuandikisha, wakamwachia. Lakini winga aliyeitiwa mwizi ndiyo basi tena, nani atamtikisia kichwa? Anakaa chumbani Buguruni, mkewe anakaanga mihogo.

Nilipotoka hospitali nilisimama barazani kwangu, asubuhi maduka yakifunguliwa, nikasema kwa sauti: jamani, Nassibu hakuiba, nilimruhusu mwenyewe. Wakacheka. Wallahi walicheka. "Mzee Mbaruk bwana, leo umeanza mapema!" Talha akanipiga bega. Miaka yote nimewazoesha kucheka nikifungua mdomo.

Ndipo nikaenda Buguruni. Mkewe alinifungulia, akarudi kwenye karai lake bila kunijibu salamu. Nassibu alikuwa kitandani amekaa. Maneno yake sasa yanatoka na upepo.

"Umekuja kunichekesha?"

"Hapana."

"Siku ile nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza, si ulikubali."

"Ulikubali?"

"Nilikubali."

"Hao majirani zako wanajua?"

"Niliwaambia. Wakacheka."

Akaniangalia kwa jicho moja. "Basi uliwaambia kama unavyosema kila kitu."

Alhamisi tulikwenda pamoja. Hakutaka nimshike mkono. Alisimama mlangoni kwangu, pale pale, akavua kofia ili wamwone vizuri. Mimi nikasema tena, bila kuanza na utani, na mkono huu wenye vidole vinne nimeuinua waone. Nikasema na lile la ngumi na sababu yake. Hakuna aliyecheka. Yule tunayeswali naye aliangalia chini. Talha aliingia dukani kwake akateremsha geti, saa tatu asubuhi. Nikachukua jora la satini nimpe Nassibu alibebe mbele yao. Akanikatalia. "Sikuja kubeba. Nimekuja usikike." Akavaa kofia, akaondoka kwa miguu yake, na njia walimpa.

Hajanisamehe, wala sikumuomba. Kesho kutwa, Jumatatu, tunakwenda kituoni, yeye na maelezo yake na mimi na yangu. Mama yako Mauza alijua toka siku ya kwanza, alifua shati. Amenipigia pasi kanzu. Ikiwa hutapata barua yangu kwa muda, utajua niko wapi, na usimuulize yeye.

Koti lako, endelea kulivaa. Ni la halali.

Polisi nitawaambia kama nilivyokuambia wewe, kwa mpangilio huo huo. Aliniangalia, nikatikisa kichwa. Kisha nikapiga kelele. Kisha nikampiga. Pangaboi halijawahi kuanguka, Rania. Liko juu yangu sasa hivi, linazunguka.

Mbaruk